BARUA: Makala yenu ya mitutu ya bunduki imetuacha nusu njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa mnazipunguza, ila hii kama itawezekana muiache ilivyo maana mambo yenyewe yameshikana, ukitoa hili lile linabaki halieleweki.

Makala yenu ya uwindaji ya juzi juzi ilisema mtutu wa bunduki uliotengenezwa kwa oda unapiga vizuri mara kumi kuliko wa kiwandani, na kwamba mwindaji anaejielewa hawezi kuingia porini na mtutu wa kiwandani. Tangu itoke napata meseji toka Arusha, Mwanza, hadi mtu mmoja wa Mombasa, Kenya huko ambako uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977, wote wanauliza bei na kama naweza kuwaletea. Wananiuliza mimi kwasababu nipo Wisconsin, Marekani, na kazi yangu ni kukereza vyuma. Kiwandani kwetu tunatengeneza vipuri vya pampu, sio silaha, lakini jimbo hili ndo lenye mafundi wa mitutu wanaojulikana dunia nzima, Krieger wako huku, Bartlein wako huku, na ikifika mwezi wa kumi na moja nusu ya wenzangu kazini huwaoni, wako msituni kuwinda kulungu. Msimu wa bunduki ni siku 9 tu na wanaokata leseni ni zaidi ya laki tano, kwahiyo hata kama hupendi bunduki stori za mitutu utazisikia tu, kantini hakuna stori nyingine.

Sasa mara kumi ya nini? Mwandishi hakusema. Hakusema umbali, hakusema zimepigwa risasi ngapi, hakusema bunduki gani wala risasi za aina gani. Mi sibishi kwamba wa oda ni bora, ni bora kweli na nitaeleza kwanini, ila ubora wake sio ule ulioandikwa, na mtu akinunua kwa sababu alizozitoa mwandishi wenu atakua amechoma hela bure.

Tuanze na unavotengenezwa, maana hapo ndo makala ilipoteleza. Mtutu wowote unaanza kama nondo nene ya chuma, uwe wa kiwandani au wa fundi, na chuma chenyewe kwa kawaida ni kimoja kati ya viwili, kile chenye kromu na molibdenamu au stenlesi. Inatobolewa katikati kwa kekee ndefu ambayo oili inapita ndani yake kwa presha, tundu linapanuliwa na kulainishwa, alafu ndo inawekwa ile mifereji inayozunguka ndani ili kichwa cha risasi kitoke kinajizungusha. Mifereji na matuta yake. Bila hiyo kichwa kinapinduka hewani na kwenda kinakotaka.

Njia kubwa za kuweka mifereji ni tatu. Ya kwanza ni ya nyundo. Wajerumani waliikuza kipindi cha Vita Kuu ya Pili kwasababu rashasha zao zilikua zinakula mitutu kuliko mafundi walivyoweza kuitoa. Unachukua kipande kifupi kinene kimeshatobolewa, unakiingiza kijiti cha kabaidi, metali ngumu sana, ambacho kimechongwa matuta na mifereji kinyume, alafu nyundo za mashine zinakigonga pande zote huku kinazunguka mpaka chuma kinakumbatia kile kijiti na kurefuka. Dakika chache mtutu umetoka, na mashine nyingine zinatoa na chemba, pale nyuma risasi inapokaa, hapo hapo. Steyr wa Austria hata zile alama za nyundo hawakuzifuta kwa nje, zinazunguka mtutu mzima, na watu wakazipenda hivo hivo. Sako na Tikka wa Finland wanatumia nyundo, Ruger nae, CZ wa Uherský Brod nae.

Ya pili ni kuvuta kidude kigumu cha kabaidi kipite ndani ya tundu. Hapa hakuna kinachokatwa, chuma kinasukumwa pembeni tu na mifereji inabaki, na kidude kinapita kama dakika moja. Anaetajwa kuifikisha mbali njia hii ni Mike Walker, na Walker alikua mhandisi wa Remington, kiwanda kikubwa kabisa, alafu mwenyewe alikua mshindani wa ile shabaha ya kupiga bunduki ikiwa imelazwa mezani. Leo Savage wanatumia njia hii kwenye bunduki za bei ya mtu wa kawaida, na Shilen wa Texas, Hart wa New York na Lilja wa Montana wanatumia hiyo hiyo kwenye mitutu ya oda. Kwahiyo ukiniambia njia ya kutengeneza ndo inatofautisha wa oda na wa kiwandani nitakuuliza hawa watatu unawaweka wapi.

Ya tatu ndo ya zamani kuliko zote, kukata. Kindoano kidogo kinapita ndani ya tundu na kila kikipita kinakwangua kama sehemu moja ya elfu kumi ya inchi, yani mikroni mbili na nusu hivi, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Kinapita, kinarudi, kinahamia mfereji wa pili, kinapita, kinarudi. Inachukua saa na zaidi kwa mtutu mmoja. Krieger na Bartlein wanafanya hivi. Faida yake ni kwamba chuma hakikandamizwi wala kugongwa kwahiyo hakibaki na mkazo ndani, na pia unaweza kuweka msokoto wowote unaotaka mteja, yani mifereji izunguke mara moja kila inchi ngapi, inchi 8 kwa mzunguko mmoja, inchi 7 na nusu, hata msokoto unaoanza taratibu na kuongezeka kadri unavoelekea mdomoni. Mashine nyingi walizoanzia mafundi hawa zilikua za Pratt & Whitney, za enzi ya vita, madude mazito ya chuma ambayo jeshi lilikua limeshayasahau.

Makala ilisema mtutu wa oda unakatwa kwa mkono. Hapana jamani. Bartlein mashine zao zinaendeshwa na kompyuta. Siku hizi mtutu wa oda wa bei mbaya kabisa unaweza kuwa umekatwa na mashine ya kisasa kuliko ile iliyougonga mtutu wa Tikka. Sehemu ambayo mkono unaingia kweli ni mwishoni, kwenye kusugua ndani: fundi anamimina risasi, namaanisha ile metali laini, inagandia humo humo ndani kwenye ncha ya fimbo na kushika umbo la mifereji, anaipaka unga wa kusugulia, alafu anaivuta na kuisukuma mtutu mzima huku anasikilizia mkononi wapi panabana na wapi pamelegea. Anasugua panapobana mpaka mkono usione tofauti. Kisha anapima kwa geji ya upepo ambayo inaonyesha tofauti ya upana ndani ya mtutu hadi sehemu ya elfu kumi ya inchi. Mtutu usiopita vipimo hautoki nje ya karakana.

Hapa ndo ilipo tofauti yenyewe, na hapa ndo ningependa mwandishi wenu angekaa kurasa mbili nzima. Kiwanda nacho kinapima, ila kinaruhusu nafasi kubwa zaidi, na hakiwezi kukaa na mtutu mmoja nusu saa wakati bunduki nzima inabidi iuzwe dola mia tano. Mtutu mmoja unatoka upana wake uko sawa mwanzo mwisho, wa pili una sehemu katikati imelegea kidogo, wa tatu ndani pana mikwaruzo ya kekee iliyokua inakaribia kubadilishwa, na huo wa tatu utakamata shaba ya vichwa vya risasi na utakusumbua kusafisha kila ukipiga. Wote watatu wanapita ukaguzi, wote watatu wanauzwa bei moja. Ukipata ule wa kwanza utapiga sawa na mwenye mtutu wa oda na utamcheka. Ukipata wa tatu utaandika barua kama hii ila kwa hasira. Mtu anaelipia oda kwa kweli analipia kutokucheza hiyo bahati nasibu. Sio kwamba mtutu wa oda unashinda kila mtutu wa kiwandani, ni kwamba wa oda kumi wanafanana na wa kiwandani kumi hawafanani.

Na hapo sijagusa chemba. Kiwanda kinakata chemba kubwa kidogo makusudi kwasababu hakijui utaweka risasi za nani, lazima ziingie zote, za kampuni yoyote, hata zikiwa na vumbi. Fundi wa oda anakukatia chemba inayobana kwa risasi zako wewe, na ananyoosha chemba ikae katikati ya tundu kabisa kabisa, kichwa cha risasi kinaingia kwenye mifereji kimenyooka. Inasaidia sana kwenye shabaha. Porini sina uhakika kama unaitaka, maana chemba ya kubana ikiingia mchanga kidogo bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, haifungi, na nyati hasubiri.

Sasa namba. Huku watu wanapima kwa dakika ya pembe, ambayo kwenye mita 100 ni kama milimita 29. Bunduki ya kiwandani ya kuwindia ya siku hizi, yenye risasi nzuri na mtu anaejua kupiga, matundu yanakaa ndani ya milimita 25 hadi 40 kwenye mita 100. Tikka wanakuahidi kabisa risasi 3 ndani ya dakika moja ya pembe. Mtutu mzuri wa oda uliofungwa na fundi mzuri unashuka chini ya milimita 15, na wale wa mashindano ya mezani wanashuka huko kwenye milimita tano sita, lakini bunduki zao ni nzito huwezi kubeba na haziui mnyama yoyote zaidi ya karatasi. Kwahiyo kwa mwindaji tofauti ni mara mbili, labda mara tatu ukiwa na bahati mbaya upande wa kiwandani. Hiyo kumi sijui imetoka wapi.

Alafu watu wanadanganywa sana na risasi 3. Ukipiga tatu zikakaa ndani ya milimita 25 usikimbilie kupiga picha. Bunduki hiyo hiyo bila kubadilisha kitu, ukipiga kumi zitatawanyika kama milimita 40, ni hesabu tu, kadri unavoongeza risasi ndivo zile za pembeni zinavojitokeza. Huku dukani utaona mtu anabandika karatasi lenye matundu matatu yaliyogusana anasema mtutu wangu wa oda huo, na jirani yake wa kiwandani kapiga kumi anaonekana hajui. Wape wote kumi kumi ndo tuongee.

Na kulungu? Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni kubwa kuliko sahani ya chai, wengi tunasema sentimita 20 hivi. Kwenye mita 100 yule mwenye bunduki ya milimita 15 na yule wa milimita 40 wote wanampata mnyama pale pale panapotakiwa. Kinachomfanya mtu akose ni mikono kutetemeka, kupiga amesimama bila kuegemea, kupiga mita 300 kwa kukadiria, kuvuta traiga kama anavuta ndoo ya kisima.

Mfano mzuri zaidi uko huko huko kwetu Afrika Mashariki na sijui kwanini makala haikuutaja. Bell, yule Mskochi waliemwita Karamojo kwasababu ya kuzunguka Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ile Waingereza waliyoiita .275 Rigby, ambayo watu wa leo wangesema ya swala. Sikubaliani na alichowafanya wale tembo na kwa leo ni jinai, ila kama ni suala la shabaha tuseme ukweli. Alichokua nacho ni kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno aone ubongo umekaa wapi akiangaliwa kutoka kila upande, na alikua mchaguzi sana wa risasi, anataka za kiwanda cha DWM cha Ujerumani kwasababu zinalipuka kila mara. Kujua mnyama, kuamini risasi. Habari za kusuguliwa mtutu sidhani kama zilimnyima usingizi.

Kwa Tanzania ni hivyo hivyo. Nyati unampiga kwa .375 (huo ni upana wa risasi kwa inchi) au zaidi, kwenye mita 50, 60, mara nyingi kichakani humo humo. Hiyo .375 H&H ni ya mwaka 1912 na bado inafanya kazi. CZ ya kiwandani yenye magazini inayolisha risasi bila kukwama ni salama yako kuliko mtutu wa dola elfu moja kwenye bunduki ambayo inakwama risasi ya pili. Ukiwa na hela ya ziada nunua risasi ufanye mazoezi.

Sasa nani anauhitaji kweli mtutu wa oda? Wapo. Kwanza ni mtu ambae kiwanda hakimtengenezei anachotaka. Hapa nitoe kisa ambacho huku kila mzee wa bunduki anakijua. Mwaka 1955 kiwanda cha Winchester walitoa risasi ya .243 na mwaka huo huo Remington wakatoa .244, mitutu ya upana ule ule wa milimita 6. Winchester wakaweka msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 10 wakauza na kichwa cha greni 100, greni ni kipimo cha uzito. Remington wakafikiria wateja ni wa kupiga wanyama wadogo waharibifu mashambani, wakaweka inchi 12 na kichwa kizito zaidi kikawa cha greni 90. Tofauti ya greni 10 ni chini ya gramu moja! Lakini wawindaji walitaka bunduki moja ya wadogo na kulungu pia, wakaamini ile ya Remington haiwezi kuzungusha kichwa cha greni 100 vya kutosha, na .243 ikauzwa nyingine ikadoda. Remington wakaja kubadilisha msokoto kuwa inchi 9, ikawa haitoshi, 1963 wakabadilisha na jina kabisa ikawa 6mm Remington. Risasi ilikua nzuri tu, kwa wengine nzuri kuliko .243. Aliyekua na .244 ya mwanzo na anataka vichwa virefu dawa yake ilikua moja, aende kwa fundi amfungie mtutu wenye msokoto mwingine. Kiwanda kinaamua kwa niaba ya maelfu ya watu, na ukiwa sio mmoja wao basi.

Vichwa virefu vinataka msokoto wa haraka, hiyo hesabu mtaalamu mmoja wa hesabu, Greenhill, aliiandika Woolwich, Uingereza, tangu 1879. Wanaopiga mbali, mita 800, mita 1000, wanataka vichwa virefu kabisa kwasababu havisukumwi sana na upepo, na miaka mingi viwanda vilikua vinauza misokoto ya taratibu tu. Siku hizi viwanda vimeshtuka, bunduki ya kiwandani ya risasi ya 6.5 Creedmoor inakuja na msokoto wa inchi 8 na inapiga vichwa virefu bila tabu, kwahiyo hata sababu hiyo imepungua nguvu.

Wa pili ni mshindani. Huyu mtutu kwake ni kama tairi la gari, unaisha anatupa anafunga mwingine. Mtutu wa .308 unaweza kwenda risasi 5,000 kabla shabaha haijaanza kuharibika, lakini zile za milimita 6 zenye baruti nyingi zinaweza kuchoka kwenye 1,500 au 2,000 kwasababu moto unakula chuma pale mbele ya chemba. Mshindani anapiga hizo kwa msimu mmoja. Yeye anataka mtutu wa pili ufanane na wa kwanza ili asianze upya, na kufanana ndo kitu hasa anachouza fundi wa oda. Mwindaji anapiga risasi ishirini thelathini kwa mwaka, mtutu wake atawaachia wajukuu.

Ila hata kwenye mashindano msidhani viwanda vimekufa. Angalia bunduki ndogo za .22 za Olimpiki, mita 50, ambapo duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 na kichwa chenyewe ni milimita 5.6. Wengi wanapiga na Anschütz ya kiwandani kule Ulm, Ujerumani. Wanachofanya ni kubeba bunduki yao kwenda kwenye vituo vya majaribio vya watengeneza risasi, Eley au Lapua, wanaifunga kwenye mashine, wanajaribu risasi za toleo moja baada ya jingine mpaka wapate lile ambalo mtutu wao unalipenda, alafu wanalinunua kwa maelfu. Mtutu ni ule ule, risasi ni za kampuni ile ile, toleo hili linatawanya toleo lile linaingia tundu moja.

Zamani nakubali pengo lilikua kubwa. Harry Pope, aliyeanzia Hartford, Connecticut, mitutu yake mwishoni mwa karne ya 19 hakuna kiwanda kilichoigusa, mpaka kampuni ya Stevens wakamchukua awafanyie kazi. Baadae akahamia San Francisco kufungua karakana, 1906, tetemeko la ardhi likaja mwaka ule ule likaondoka nayo, akarudi mashariki akaendelea Jersey City mpaka uzee. Watu walikua wanasubiri oda zake muda mrefu wala hawalalamiki. Lakini hiyo ilikua enzi ya vyuma visivyotabirika na mashine za mikanda. Mwandishi wenu anaongelea 2020 na kitu kwa macho ya Pope.

Hela sasa, maana ndo mnaloniuliza. Mtutu mbichi wa fundi mwenye jina, bado haujakatwa chemba wala kufungwa, ni dola 400 hadi 500 hivi, kuukata chemba na kuufunga kwenye bodi ya bunduki, kile chuma kinachoshika mtutu na bolti, ni mia kadhaa tena, na kusubiri ni miezi. Unakaribia dola elfu moja, wakati Ruger au Savage nzima ya kuwindia inauzwa nusu ya hapo. Savage kidogo ni nafuu kwasababu tangu ile 110 ya mwaka 1958 mtutu wao unashikwa na nati, unaweza kununua mtutu uliokwisha kukatwa chemba ukaufunga bila kupeleka bodi kwenye lezi, mashine ya kukereza. Ndo maana wanaopenda kuchezea bunduki wanaipenda.

Na kabla ya mtutu angalia vya bure. Kuna mwenzetu kazini bunduki yake ilikua inatawanya risasi upana wa kiganja, duka moja likamwambia mtutu umekufa, agiza mwingine, wakampigia na hesabu. Alivoileta tukaangalia wakati wa mapumziko ya zamu, skurubu mbili za kushikilia darubini zilikua zinazunguka kwa kidole. Tukazikaza. Ikarudi milimita thelathini na kitu. Skurubu za darubini, skurubu za kitako, kitako kisiuguse mtutu mbele, ukingo wa mdomo wa mtutu usiwe umegongwa gongwa na fimbo ya kusafishia, risasi za aina tatu nne tofauti ujaribu ipi inakaa. Ukimaliza hayo yote na bado inatawanya, hapo sawa, laumu mtutu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu Mhariri, mkiandika tena namba ya shabaha andikeni na umbali, andikeni na risasi ngapi, na mseme ni bunduki moja au bunduki kumi. Mtutu mmoja wa oda dhidi ya mtutu mmoja wa kiwandani hauthibitishi kitu chochote, unaweza kuwa umeokota wa kwanza au wa tatu kati ya wale niliowataja.

Na kwa wanaonitumia meseji: siwezi kuwaletea. Huku Marekani mtutu mtu anauagiza kwa posta kwasababu sheria yao inaihesabu bodi kuwa ndo silaha, lakini kuutoa nje ya nchi kunataka vibali vya serikali, na Uingereza na Ujerumani mtutu peke yake wanauhesabu kama silaha kabisa. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na leseni yako inataja silaha yako, kabla hujafikiria kubadilisha chochote kwenye bunduki nenda kwa wanaokupa leseni uulize kwanza. Msinitumie hela, nitazirudisha.

Msomaji wenu,
Fundi mkerezaji, Wisconsin, Marekani